Kasha Lililolazwa Kitandani

Mkunga alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma, lakini mtaani jina halikumtoka, na yeye mwenyewe bado alitembea kwa zile hatua fupi fupi za mtu aliyeitwa wodini. Alikuwa amepokea watoto wa watu wasio na idadi. Wa kwake alikuwa mmoja tu, binti aliyekuwa akifundisha muziki ng'ambo, na huyo binti sasa alimtumia mama yake tiketi ya ndege pamoja na ombi.

"Njoo na gitaa la baba," alisema kwenye simu. "Ila mama, nakuomba, lisije kwenye blanketi."

Gitaa lenyewe lilikuwa la zamani, rangi ya asali iliyoungua, lenye ufa mrefu uliozibwa ubavuni. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mpole, alilipiga sebuleni kwa miaka thelathini na mitano bila kupanda nalo jukwaani hata siku moja. Tangu afariki lilikaa juu ya kabati. Mtu akikohoa, nyuzi ziliitikia kidogo. Mkunga hakushtuka; magitaa ya zamani yana masikio, marehemu alipenda kusema.

Watu wa ndege walimwambia waziwazi kwamba gitaa halitakaa naye kwenye kiti, litasafiri na mizigo, na bila kasha gumu hawataki lawama. Basi Mkunga akaanza kuzunguka madukani. Kasha la kwanza lilikuwa jembamba, la pili refu likabakiza nafasi ya kulala paka, la tatu lilikuwa la kitambaa tu, japo muuzaji aliapa kwamba hata likikanyagwa na tembo halivunjiki. Zikabaki siku tano kabla ya safari.

Duka la nne lilikuwa la fundi mwenye upara, mtu wa makamo aliyeshika gitaa kama daktari anavyoshika tumbo.

"Hili halikutoka kiwandani, mama. Limechongwa kwa mkono. Tazama mgongo ulivyovimba, kama lina mimba ya miezi minane."

"Basi limefika kwa mtu wake," Mkunga akajibu, na wote wakacheka.

Fundi akazungusha masikio ya gitaa, akalegeza nyuzi moja moja. Alieleza kwamba baridi ya kule juu husumbua mbao, na shingo inayovutwa na nyuzi zilizokazwa huweza kukatika. Alipomaliza akazipitisha kidole. Zilitoa mchakacho tu, kama majani makavu. "Umesikia? Sasa ni bubu."

Kisha akajikuna upara. "Kasha la kulitosha nimeliona mahali pamoja tu. Kuna mama mshonaji, ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Nimemwomba mara tatu aniuzie, amekataa. Anasema lina mwenyewe."

"Sasa mimi nikafanye nini huko?"

"Kuuliza si ujinga, mama."

Alifika alasiri, gitaa mgongoni ndani ya blanketi. Ngazi zilinuka wino. Alikuwa bado hajainua mkono kubisha, mlango ukafunguliwa. Mbele yake alisimama mwanamke mzee mwembamba, utepe wa kupimia umening'inia shingoni.

"Ingia," alisema. "Tangu asubuhi linanguruma. Nimeshindwa hata kushona."

Mkunga alidhani anazungumzia cherehani. Kilikuwepo kimoja dirishani, na nguo za watu zimetundikwa, lakini mshonaji alimpita akafungua mlango wa chumba cha ndani. Humo kulikuwa na kitanda cha mtu mmoja, kimetandikwa vizuri. Juu yake, kichwa kwenye mto, shuka likiwa limevutwa hadi katikati, lilikuwa limelazwa kasha jeusi la gitaa.

Mkunga alikuwa ameona mengi katika kazi yake, lakini kasha lililofunikwa shuka kama mgonjwa hakuwahi kuliona.

Mshonaji aliondoa shuka, akafungua kasha. Ndani lilishonewa mahameli ya kijani, na upande mmoja, mahali pa ubavu wa gitaa, palikuwa na kimto chembamba, kirefu kama kidole cha kati.

"Hicho ni cha nini?" Mkunga aliuliza, akiukumbuka ufa wa gitaa lililokuwa mgongoni mwake.

"Gitaa lilianguka jukwaani likapasuka. Nikalishonea kimto pale kwenye ufa, lisiumie tena."

Mpole alikuwa amemwambia mkewe kwamba ufa ule ulitokana na kuanguka kutoka kabatini.

"Mama, una picha ya mwenye gitaa?"

Mshonaji alitoa picha kwenye droo ya cherehani. Vijana sita walisimama mbele ya gari dogo la bendi. "Huyu. Kaka yangu." Bega la kushoto limeshuka, mdomo unatabasamu bila kufunguka, masikio yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Masikio yale Mkunga aliyajua kwa Mpole, na aliyaona tena siku alipomzaa binti yake.

"Gari lilijaa vyombo siku ile," mshonaji aliendelea, "kasha likaachwa, gitaa akalifunga blanketi. Huko njiani gari likatumbukia bondeni. Watano walikufa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti, wala gitaa halikuonekana."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Yeye."

Kiwanda cha chini kilikuwa kimesimamisha mashine. Mkunga alimkumbuka mume ambaye hakukubali kamwe kushika usukani, aliyesema hana ndugu duniani, ambaye mara moja kila mwaka aliondoka kwenda kununua nyuzi na kurudi jioni mikono mitupu, viatu vina vumbi, akidai zimekwisha dukani.

"Mwezi wa ajali," mshonaji alisema, kana kwamba ameulizwa, "kila mwaka, alasiri moja, kasha hili lilinguruma. Nikikimbilia dirishani, naona watu wanapita tu. Miaka mitatu sasa limekaa kimya. Mpaka leo."

Mkunga alikaa ukingoni mwa kitanda. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutoka nje na kusema mtoto ni salama. Habari hii hakujua inavyotolewa.

"Wifi," alisema, na neno lilitoka kabla hajalipima. "Wifi yangu, kaka yako amefariki. Ni miaka hiyo mitatu. Alikuwa mume wangu."

Yule mzee hakupiga kelele. Alivua utepe shingoni, akaukunja taratibu mpaka ukawa duara dogo kiganjani.

"Alifia wapi?"

"Kitandani. Nilimshika mkono."

"Aliacha mtoto?"

"Binti."

Hapo ndipo alipolia, na Mkunga akalia naye, ingawa ndani ya kilio chake mlikuwa na hasira pia, kwa mtu aliyekula naye meza moja miaka yote ile bila kumwambia yeye ni nani.

Baadaye walilifungua blanketi wakalilaza gitaa kwenye mahameli. Lilizama pale kama mguu kwenye kiatu chake, ufa ukakutana na kimto. Mshonaji akashusha kifuniko, komeo zikafunga. Ndani ya kasha nyuzi zote sita zikalia kwa pamoja, safi, kama zilizokazwa sawasawa.

Walitazamana. Mkunga alifungua. Nyuzi zilikuwa zimelegea vile vile kama kamba za viatu. Akafunga tena. Kimya.

"Lichukue," mshonaji alisema. "Nimelilaza vya kutosha. Ila msinisahau."

"Nitakusahauje, nawe ni shangazi wa mwanangu?"

Kwenye uwanja wa ndege, afisa wa mizigo aliligeuza kasha akaona kibandiko cha zamani, wino umefifia. "Jina hili si lako, mama," alisema, akalisoma kwa sauti. Mkunga alisikia mlio mmoja hafifu kutoka ndani. Afisa naye aliusikia, maana aliondoa mkono haraka akaupangusa kwenye suruali.

"Ni la mume wangu," Mkunga alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulikiri jina ambalo Mpole hakuwahi kumtajia.

Gitaa lilifika zima, bila hata mkwaruzo. Binti alilitoa, akakaza nyuzi polepole, akipumzisha shingo kati ya uzi na uzi, akapiga kile kijisehemu cha wimbo ambacho baba yake alikuwa akikirudia kila jioni bila kukimalizia. Kisha wakampigia simu mshonaji. Alisikiliza, halafu akauimba mwisho wake, kwa sauti nyembamba ya kizee, neno kwa neno. Ulikuwa wimbo wa bendi, na mwisho huo ulitaja majina ya wale vijana watano waliokufa bondeni.

Binti aliweka gitaa chini. "Mama," alisema, "baba alikuwa nani?"

Mkunga akavuta kiti, akaanza kumweleza yale machache aliyoyajua.