Nilivyowafanya Watu wa Televisheni Waikwepe Likoni

Kosa ni langu, simsingizii shetani! Jina langu silitaji, maana niliyemdhulumu mpaka leo hajui.

Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya Shanzu. Mwaka jana walifikia hapo watu wa televisheni, wenye kipindi kinachozunguka miji kushindanisha walaji. Unawekewa sinia zima, ukilimaliza kabla ya muda kwisha, umeshinda. Kila wakija Mombasa, mashindano huyafanya kisiwani tu. Sisi wa ng'ambo, Likoni, Kisauni, Changamwe, hatuonekani kabisa. Safari hii walitaka kuvuka feri waende Likoni.

Walikuwa wameshapanga siku na Zuhura, mwenye banda la pilau huko Likoni, rafiki yangu tangu usichana. Mamake ndiye aliyetufunza sote kupika.

Asubuhi moja mkubwa wao akaja jikoni. "Dada, wewe mwenyeji. Pilau ya Zuhura twaisikia sifa zake. Ni kweli?"

Lo, wivu ukanipanda! Miaka yote hiyo napika hotelini, hakuna mgeni aliyewahi kuuliza ni nani kapika.

"Msiende," nikasema. "Watu wameumwa matumbo pale. Likoni nzima hakuna jiko safi."

Wallahi nilisema uongo! Zuhura mchele huuosha maji saba.

Wakanishukuru, wakashika njia ya mji mwingine. Zuhura hawakumpigia hata simu.

Siku ya miadi alikuwa amepaka banda chokaa, majirani wamevaa leso sare, pilau iko mekoni tangu alfajiri. Wakangoja, wakangoja, hadi ikapoa. Kwanza watu walimhurumia. Kisha wakaanza kuulizana: kwani wamemkataa kwa nini? Uongo wangu, sijui ulivukaje feri, ukafika Likoni. Wateja wakamkimbia.

Akaja kwangu analia. "Dada, wewe wapajua jikoni kwangu. Niambie kweli, ni uchafu gani nisiouona?"

Hapo ndipo ningetubu. Badala yake nikamwambia, "Labda ule ukuta wenye masizi."

Akaenda akausugua ukuta ule mpaka vidole vikachubuka. Hakurudi mteja hata mmoja. Banda akalifunga.

Sasa anaosha vyombo hotelini kwetu. Ni mimi niliyemwombea kazi. Na kila asubuhi huniombea dua, ati Mungu anizidishie, mimi ndiye niliyemkumbuka wenzake walipomtupa!

Juzi nikajikaza nimwambie. Nikamwita, "Zuhura!"

"Abee, dada?"

Akageuka na povu mikononi, anatabasamu.

"Sufuria hiyo," nikasema, "ioshe tena."

Jamani, mgeni akikuuliza habari za mwenzio na moyo wako una donge, funga mdomo! Na kama umeshasema, kiri upesi, kabla uliyemdhulumu hajaanza kukushukuru. Akishaanza, utakosa pa kuanzia.