Nani Alibebwa Misri

Kwetu Tabora mwanamume alipimwa kwa safari. Babu yangu alikuwa pagazi; alitembea na pembe ya ndovu begani hadi pwani na kurudi, na mpaka anakufa bega lake moja lilikuwa limeinama. Wazee wa mtaa wetu, wana wa mapagazi, walikaa vibarazani jioni wakihesabiana nani kafika wapi. Ambaye hajavuka mto Malagarasi wala hajaona bahari alitumwa kuleta maji.

Kwa hiyo vita ya pili ya Wazungu ilipokuja, nami nikachukuliwa na kombania yetu ikapelekwa Misri, sikulia kama wengine. Nilikuwa fundi seremala kijana, na nilikuwa na mchumba, binti wa mzee mmoja wa pale pale mtaani. Posa ilikuwa imekubaliwa. Nilimwambia nitarudi na habari za kumtosha baba yake mpaka azeeke.

Sajini wetu naye alitoka mtaa wetu. Alinizidi miaka michache, mrefu, mwenye sauti nzito iliyosikika uwanja mzima. Nyumbani tulikuwa tukisalimiana tu. Jeshini nilimwita afande, naye akaniita kwa jina la baba yangu, na nilifurahi kuwa na mtu wa kwetu juu yangu.

Siku moja ofisa wetu, Mzungu mpole aliyependa kutuonyesha mambo, alipata ruhusa ya kutupeleka kuona mji wa Kairo na makaburi ya Mafirauni. Tulipiga pasi nguo zetu kwa kikombe cha bati chenye makaa ya moto. Lori lilituingiza mjini asubuhi. Magari ya reli yalipita katikati ya barabara, watu wamening'inia milangoni. Nyumba juu ya nyumba. Tuliona mto Nili, tukabishana kama ni mkubwa kuliko Malagarasi wakati wa masika, na mmoja wetu aliapa kwamba si mkubwa. Tukapelekwa kwenye msikiti ulio juu ya kilima, tukavua viatu, tukakanyaga mazulia laini, na sisi Waislamu tuliswali rakaa mbili huku ofisa akitungoja nje na kofia mkononi.

Mchana tukafika kwenye mapiramidi. Watu huuliza, yalikuwaje? Mimi ni seremala, nilitazama viungo. Mawe marefu kunizidi yamekutanishwa hata kisu hakipiti. Nilisimama pale nikapapasa, na nilitamani marehemu babu yangu angekuwapo.

Mwarabu mmoja mwenye kanzu alikuwa akiwaingiza watu ndani ya lile kubwa kwa mshumaa. Kwa kuwa nilisoma chuo cha Kurani utotoni, nilishika Kiarabu kidogo, nikawatafsiria wenzangu: njia ni nyembamba, inameni, msisukumane. Ofisa alibaki nje. Sajini alisema atakuwa wa mwisho ili asipotee mtu, nami nikawa mbele yake.

Njia ile inapanda huku umejikunja, mgongo unakwaruza jiwe juu na mabega yanakwaruza pembeni. Hewa ni nzito, ya moto. Mshumaa ulikuwa mbali mbele, sisi wa nyuma tulifuata sauti tu. Tulipokuwa katikati nikasikia nyuma yangu mtu anahema kama ng'ombe aliyekwama topeni. Nikaita, "Afande?" Hakujibu. Nikasikia kilio, kilio kidogo, chembamba, ambacho sikujua kwamba kinaweza kutoka kwa mtu yule. Alikuwa akiita, "Mayu! Mayu!" Kwa Kinyamwezi, mama.

Wenzangu walikwisha kufika kwenye ukumbi wa juu, hawakusikia. Nilirudi kinyumenyume. Sajini alikuwa amekaa, ameng'ang'ania jiwe, hawezi mbele wala nyuma. Nilimbandua vidole. Nilimlaza, nikatambaa juu yake hadi upande wa kutokea, nikamshika mkanda, nikamvuta kama gogo. Mlangoni, mahali pa kusimama wima, nilimtia begani nikamtoa juani. Alitapika. Suruali yake ilikuwa imelowa. Nilimmwagia maji yote ya chupa yangu, usoni na kwenye suruali, ili aonekane amelowa kwa maji tu.

Akanishika mkono. "Ndugu yangu," alisema, "usimwambie mtu."

Nikamwambia sina cha kusema. Na kwa Mungu nilimaanisha.

Wenzetu walipotoka wakicheka na kupangusa vumbi, ofisa akauliza kwa nini sisi wawili tulitoka mapema. Nilikuwa bado natafuta neno jema la kumsitiri. Sajini akasimama, akakaza mgongo, akasema, "Huyu alizimia ndani, bwana. Nimembeba."

Nilimtazama. Yeye alimtazama ofisa. Ofisa akanipiga bega kwa huruma, akaniambia hata Wazungu huzimia mle. Askari wa kawaida atamwita sajini mwongo mbele ya ofisa? Safari ya kurudi kambini wenzangu walinipa nafasi ya kujinyoosha kwenye lori, kama mgonjwa. Huruma yao iliniuma kuliko tusi.

Sajini alirudishwa nyumbani kabla yangu, na mimi nilibaki Misri muda mrefu baada ya vita, nikitengeneza masanduku ya jeshi. Siku niliyoshuka stesheni ya Tabora na begi langu, mchukuzi mmoja aliyenijua alicheka akasema, "Mzigo umefika." Sikuelewa. Nilipopita sokoni nikasikia tena. Mzigo. Mji mzima ulikuwa umepewa hadithi ya mtu aliyebebwa kutoka kaburi la Firauni akimlilia mama yake. Hata lile neno, mayu, alikuwa amelitia kinywani mwangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba wa mchumba wangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. Akanieleza kwa upole kwamba binti ameshaolewa. Nikamuuliza na nani, ingawa moyo ulishajua.

"Na sajini," alisema. "Baba yangu alibeba pembe hadi pwani. Siwezi kumwoza binti yangu kwa mtu aliyebebwa."

Nilisema kweli siku ile, pale kibarazani, yote. Wazee walisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akaniambia, mwanangu, kila mtu angesema hivyo. Tangu hapo sikusema tena. Nilifungua karakana yangu, nikatengeneza vitanda na milango, nikaitwa Mzigo na wateja wangu wenyewe, nikaitika. Sikuoa kwa miaka mingi. Usiniulize nilikuwa nafikiri nini nikipiga randa. Nilikuwa namfikiria sajini. Nilimwangalia akipita na kofia yake ya jeshi, akialikwa harusini asimulie Misri, akipewa kiti. Nilikuwa najua kitu kimoja juu yake ambacho hakuna mwingine aliyekijua, na nilikitunza.

Nafasi ilikuja mwaka wa ukame. Mtaa uliamua kuchimba kisima, na sajini, kama kawaida, akafanywa mkubwa wa kamati. Nilijitolea mbao za kiunzi na kapi la kuteremshia kamba. Watu walishangaa kuona Mzigo ana moyo mzuri. Wachimbaji walikwenda chini sana, kisima chembamba kama koo, mpaka maji yakaanza kutoka. Ikabaki kushuka mtu mara ya mwisho kuzoa matope na kuleta ndoo ya kwanza, na siku hiyo mtaa wote ulikusanyika, imamu akiwapo kuomba dua.

Mchimbaji alikuwa anajifunga kamba nilipoomba kusema. Nilisema ndoo ya kwanza ni ya heshima, haifai iletwe na kibarua. Nikasema hapa tunaye mtu aliyeingia tumboni mwa kaburi la Firauni na kutoka na mtu begani. Nani mwingine anastahili?

Walipiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Sajini alitabasamu, akasema ana mguu mbaya. Wakamwambia kamba itambeba. Akanitazama, mara ya kwanza kwa miaka ile yote alinitazama machoni, na nikaona ameelewa. Lakini mkwewe alikuwa amesimama pale, anajivuna. Sajini akavua kofia, akaiweka chini.

Nilishika kamba mwenyewe pamoja na vijana wawili. Tulimteremsha polepole. Kichwa chake kilipozama chini ya ukingo nilianza kusikia pumzi. Ile ile. Tukaendelea. Kisha sauti ikapanda kutoka chini, imekuzwa na kuta za kisima hata walioko nyuma kabisa wakaisikia: "Mayu! Mayu!"

Vijana walitaka kuvuta. Nikawaambia wangoje. Niliinama ukingoni.

"Afande," nilisema, "nani alibebwa Misri?"

Alilia tu. Nikauliza tena, taratibu.

"Mimi," akasema. "Mimi. Nitoe, ndugu yangu. Ni mimi."

Tukamvuta. Alitoka amelowa matope. Hakuna aliyecheka wakati ule. Kucheka kulikuja baadaye na hakukuisha. Baba mkwe wake aliokota kofia ile chini, akaipangusa, akaiweka juu ya kiunzi cha kisima, akaenda zake. Mimi nilikwenda nyumbani nikala chakula kingi.

Baada ya siku chache mke wa sajini alipiga hodi karakanani. Hatukuwa tumesemezana tangu nirudi. Alisimama kati ya mbao.

"Ulidhani sijui?" aliniuliza. "Tangu tuoane hajalala mlango umefungwa. Mvua inyeshe, fisi walie, mlango wazi. Nilijua zamani nani alibebwa."

"Na ukanyamaza."

"Ni mume wangu. Sasa wanaochekwa njiani ni watoto wangu."

Nilimwambia mimi nilichekwa miaka mingi na hakuna aliyekuja kupiga hodi kwa ajili hiyo. Alitazama kitanda nilichokuwa nakitengeneza, akaaga kwa adabu, akaondoka. Nilikaa bila kazi mpaka jioni. Lakini nikisema nilijuta, nitakuwa naongopa.

Sajini akahama na familia yake. Nilisikia wamepata shamba karibu na stesheni ya Igalula, wanalima karanga. Sikumwona tena ila mara moja, nilipokuwa nasafiri kwenda Dodoma. Treni ilisimama Igalula, naye alikuwa pale chini kando ya magunia, amekonda, nywele nyeupe. Aliniona dirishani. Akainua mkono nusu, akauacha hewani.

Sikuinua wangu. Treni ilipoanza kwenda, abiria aliyekaa mbele yangu, mgeni kabisa, akaniuliza kama namfahamu yule mzee. Nikamwambia namfahamu sana, tulikuwa naye Misri. Akasogea karibu, akitaka habari za Misri. Nikamsimulia yote, na hatujafika stesheni iliyofuata, behewa zima lilikuwa linasikiliza.