Bendera ya Mke Wangu

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu kabla ya kuugua lilikuwa kuanika bendera yake ndogo, aliyoishona mwenyewe, tayari kwa Sikukuu ya Uhuru. Nilimcheka, kama kila mwaka. Januari tukamzika.

Sikukuu iliporudi, siku moja kabla yake, niliipeleka bendera kwa fundi cherehani hapa Mwika, maana upindo ulikuwa umefumuka. Fundi aliishika kwa vidole viwili.

“Shikamoo, mwalimu. Uhuru gani huu, na kahawa haina bei?”

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia mke wangu miaka yote.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja gauni lake alitua mkungu wa ndizi chini. “We kijana, mama yako akiishiwa sukari nyumbani, unamkana?”

Fundi akacheka. “Mama, umenishinda. Hii nashona bure.”

Nilikaa chuo kikuu miaka mitatu bila kukutana na hoja fupi kama ile.

Asubuhi yake niliifunga bendera langoni. Kisha nikachuma jani la isale, ambalo sisi Wachagga humpelekea mtu tunapomwomba radhi, nikaenda migombani kuliweka juu ya kaburi la mke wangu.