Kitabu cha Kahawa ya Vietnam

Sisi Wahaya hutaniwa kwa neno nshomile, yaani "nimesoma." Jumamosi iliyopita nililitamka kwa majivuno kwenye kikundi chetu cha wasomaji, mtaani Rwamishenye, nikaanza kueleza kitabu kipya cha utafiti kuhusu wakulima wa kahawa wa Vietnam. Sote tulikuwa tumegawiwa nakala. Kusema kweli, nilikuwa nasimulia shamba la baba yangu kule Kishanda.

"Ukurasa huo ulinigusa sana," akasema Ma Anastela, mwenyekiti wetu.

Mzee mmoja akaomba kuona picha. Nikakitoa kitabu mkobani, na nailoni yake ilikuwa haijachanwa! Nilitamani ardhi ipasuke.

Ma Anastela akashusha pumzi, akatoa chake, nacho kikiwa bado kwenye nailoni.

"Afadhali, mwanangu. Nilidhani ni mimi peke yangu."