Mashine ya Kula

Neno "fundisho" linanichefua. Nikiliona kwenye barua pepe ya mchapishaji, nafunga simu kwanza nikanywe maji. Wahariri wa Nairobi hawakosi kulitia. Hadithi yako inavutia, ila fundisho lake kwa kijana wa leo ni lipi? Mmoja aliniambia nitoe roboti, niweke mjomba mlevi. Mjomba mlevi, mimi ninayeandika kuhusu sayari zenye majua mawili! Nilisonya hadi paka akatoka nje.

Hapa mjini Kakamega nako hakuna afueni. Ofisini, ambako kazi yangu ni kugonga mihuri kwenye stakabadhi za watu, wenzangu waliniita Mama Roketi. Siku ya kwanza nilicheka nao. Baadaye likanikinai, maana waliokuwa wakiniita hivyo hawakuwa wamesoma hata aya moja, na bado kila mmoja alikuwa na ushauri. Andika ya mapenzi, dada. Andika ya wokovu. Hizo za roketi huwa unazitoanga wapi?

Hadithi niliyoipenda kuliko zote niliiita "Mashine ya Kula". Wageni wanaleta mashine kando ya msitu, pale Isecheno, na mashine hiyo haitaki mti wala nyama. Inakula sauti. Inaanza na hondohondo, yule ndege wa domo kubwa, inaingia kwa mbega, inashuka kwa vyura. Mwishowe mtoto mmoja anaamka, anafungua mdomo amwite mamake, na hakuna kinachotoka.

Mama yangu ndiye aliyeisikia kwanza, nyumbani Shinyalu, tukipukuchua mahindi. Alitupa gunzi kikapuni, akauliza, "Sasa huyo mama atajuanga aje kama mtoto anamwita?" Nilirudi mjini na swali hilo na likanipa ukurasa wa mwisho: mama yuko shambani, hasikii chochote, lakini anainua kichwa na kuitika. Ndio ukurasa wa pekee niliowahi kuandika bila kufuta neno.

Kisha mhariri mmoja akanipigia. Alisema atakuja Kakamega kwenye tamasha la utamaduni, nisome hadithi yangu jukwaani. Ikiwashika watu, atachukua mkusanyiko wangu wote. Miaka yote ya kukataliwa ilikuwa imekuja kusimama kwenye alasiri moja.

Mwandalizi wa tamasha alitaka jina la hadithi kwa simu.

"Mashine ya Kula," nikamwambia.

"Mashine ya kura. Sawa, dada."

Sikushtuka. Huku kwetu r na l hubadilishana viti bila kuombana ruhusa, na sikio langu limezoea kupokea moja kwa nyingine. Mama mwenyewe, siku ya uchaguzi, huvaa viatu vya kanisani na kusema anaenda kupiga kula.

Siku ilipofika nilikuta ukumbi umefurika. Kumbe watu wetu wanapenda hadithi! Halafu nikaona kofia za vyama. Nikaona bango juu ya jukwaa, herufi kubwa nyekundu: MASHINE YA KURA. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti. "Huyu ni msichana wetu wa Shinyalu! Leo anatuambia vile walituibia!"

Nikaanza kusoma, nifanyeje tena? Mashine iliwasili alfajiri. "Ililetwa na nani? Taja!" mtu akapaza sauti. Ilimeza sauti moja baada ya nyingine. "Sauti zetu!" wakanguruma, wakagonga viti. Nilipofika kwa hondohondo, mzee mmoja alimweleza jirani yake kwamba huyo hondohondo ni fulani, hata mdomo ni ule ule.

Nikaacha kusoma. "Jamani, samahani. Si kura ya kupiga. Ni kula, ya chakula."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi. "Kweli kabisa! Kura ni kula!" Mgombea mmoja alipanda jukwaani, akaninyang'anya kipaza sauti, akahutubu huku mate yakirukia karatasi zangu. Alipomaliza alinikumbatia ili tupigwe picha. Alikuwa ametoka kula ingokho na hakuwa amenawa. Vidole vyake vilibaki kwenye bega la gauni langu jeupe, madoa matano ya mafuta, na harufu yake ya manukato na kuku ikanikaa puani. Ukurasa wa mwisho sikuusoma. Hakuna aliyeuulizia.

Nyuma ya ukumbi nilikuwa nikisugua bega kwa karatasi ya choo mhariri aliponifikia, macho yanang'aa.

"Umeona ulivyowashika? Hilo ndilo fundisho!"

Alitaka kitabu kizima kutokana na hadithi hiyo moja. Jina libaki lile la bangoni. Ndege watoke, waingie wapiga kura. Mashine ihamie kwenye kituo cha kuhesabia. Mtoto na mamake, alisema, wanapunguza kasi. Nilitamani kutapika, nasema kweli, na nilikuwa nikimtazama usoni nikitabasamu. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka kuwa Mama Roketi asiye na kitabu.

Kitabu kilitoka. Jaladani kuna sanduku la kura na kidole chenye wino. Ofisini sasa wananiita Mheshimiwa, na hilo linanikinai zaidi. Kimeuzwa kuliko nilivyotarajia, na kila mtu anaponisifu nahisi yale mafuta begani.

Nakala ya mama nilichelewa kuipeleka. Nilimkuta na jirani yake barazani. Alikifuta kitabu kwa leso ingawa hakikuwa na vumbi, akakiinua. Macho yake siku hizi hayashiki herufi ndogo.

"Huyu mtoto wangu ameandika kitabu. Kinaitwa Mashine ya Kula."

"Ile ya uchaguzi?" jirani akauliza. "Nimeisikia kwa redio."

"Uchaguzi gani?" Mama alikunja uso. "Ni ya wale ndege walinyamaza. Na mtoto anaita mama yake, na mama anaitika." Akanigeukia, akanipa kitabu. "Msomee hapo mwisho. Hapo mama anainuanga kichwa."

Nilikipokea. Nikakifungua mwisho, kwenye hotuba ya ushindi ya mgombea iliyochukua nafasi ya mtoto na mamake, nikashusha macho juu ya maneno yake. Nikamsomea mama, kutoka kichwani, ukurasa wangu wote, hadi pale mama anapoitika.