Magurudumu ya Kiberenge Changu

Hata leo harufu ya grisi iliyochomwa na jua hunirudisha kwenye nyumba za reli karibu na Kibwezi, nikiwa darasa la nne, kichwa kikubwa kuliko akili. Baba alikuwa mlinzi wa njia: kila asubuhi alitembea juu ya mataruma akigonga reli na kukaza boliti. Sikumwonea wivu yeye. Niliwaonea wakubwa wake, waliopita wameketi ndani ya kiberenge, kile kigari chepesi cha reli kinacholia ta-ta-ta kama mzee anayekohoa wakati wa maombi. Likizo ya Agosti nikaapa kuunda changu. Bodi nilikata kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, ekseli zikawa waya wa ua, hata dereva nikamchonga kwa gunzi la mahindi. Yaliyonishinda ni magurudumu. Vizibo vya soda vilijikunja, na dada yangu Mwende akapata la kusema: "Kyalo, hicho si kiberenge, ni mbuzi kilema."

Mchana mmoja baba alikuja kula, akaacha kisanduku chake cha kazi mlangoni bila kufuli. Ndani nikaona vikopo vinne vya bati, bapa, duara kamili, saizi moja. Nikamshukuru Mungu wa watoto watundu, nikavibeba hadi nyuma ya jiko. Nikaweka cha kwanza juu ya jiwe, nikasimamisha msumari katikati ili nitoboe tundu la ekseli. Pigo la kwanza likateleza, likanipata kidole. Nikainua nyundo tena.

"Kyalo." Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, sauti yake ndogo, kama ya mtu aliyeona nyoka miguuni pa mwenzake. "Weka nyundo chini. Polepole, mwanangu."

"Baba, yamebaki matundu manne tu."

Hakucheka. Aliniondolea nyundo mkononi kidole kwa kidole. "Hizi ni fataki. Tunazifunga juu ya reli kukiwa na hatari mbele. Treni ikikanyaga zinalipuka, na dereva anazisikia hata injini yake ikinguruma."

Nikatazama kikopo. Kilikuwa na kovu la msumari, kando kidogo tu ya katikati. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hao hawakuishi nyumba za reli. Baba alivirudisha kimoja kimoja kwa mikono miwili, kama mayai, akafunga kufuli, kisha akaketi mchangani ghafla. "Nilisahau kufuli," akasema. "Nilisahau kufuli." Nilingoja kichapo, nikakitamani hata, kwa sababu kichapo nilikizoea. Badala yake alivua champali zake kuukuu za mpira, akachukua kisu, akanikatia magurudumu manne.

Sasa niko kidato cha tatu, nimempita baba urefu, na walimu wananijua zaidi kwa mzaha kuliko kwa hesabu. Kiberenge bado kiko juu ya kabati. Ukikisukuma kinachechemea, maana kisu siku ile kilitetemeka na hakuna gurudumu lililotoka duara. Nikirudi likizo, namwona baba akifunga kisanduku, akipiga hatua tano, halafu akirudi kuvuta kufuli. Mimi ninayecheka hadi mazishini, hilo sijawahi kumtania.