Uso Alioongeza Truphena

Truphena hakuwa mwalimu, na Tororo nzima ilijua, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, aliyeolewa na Wanjala wa kiwanda cha saruji. Shule zikifungwa, alisukuma cherehani yake ukutani, akatandika mikeka miwili barazani na kuwaambia wazazi, "Leteni watoto watunge hadithi na kuzichora, badala ya kushinda wakipopoa mapera ya watu." Wazazi wangempa hata mbuzi, mradi asiwarudishe kabla ya jioni.

Karatasi zilitoka kwenye mifuko ya saruji. Mfuko una matabaka kadhaa: la nje chafu, la ndani limejaa vumbi, lakini ya katikati ni safi kama nia ya bibi harusi. Wanjala alileta mifuko iliyochanika, Truphena akaikata kwa mkasi wa nguo. Watoto waliandika kwa penseli na kuchora kwa mkaa wa jikoni. Mwisho kurasa zilipita chini ya sindano ya cherehani, zikatoka kitabu.

Ubaya wake ulikuwa penseli moja nyekundu. Hakuweza kuona picha ya mtoto akaiacha ilivyo. Ng'ombe wa miguu mitano alipunguziwa mmoja papo hapo. Nyuso ndizo alizopenda kusahihisha kuliko vyote, na zote alizochora zilifanana na Wanjala, hata za malaika.

Agosti ya mwaka wa sitini na sita alikuja Amondi, wa miaka tisa, aliyekaa na nyanya yake njia ya kwenda Kisoko. Alitunga hadithi ya mama yake aliyekutana na chui mtoni, akamwimbia mpaka chui akasinzia. Hadithi tamu. Shida ilikuwa picha. Kila ukurasa mama amegeuka: mgongo, shingo, fundo la kitambaa cha kichwa. Chui alikuwa na uso, hata chura alikuwa nao. Mama hakuwa nao.

"Mbona mama yako ametununia?" aliuliza Otai, mtundu wa mkeka wa kwanza. Baraza zima likaangua kicheko.

Truphena akadhani mtoto hajui kuchora uso, anaona haya kusema. Ijumaa wazazi wangekuja kusomewa vitabu, naye hakutaka Amondi achekwe tena. Watoto walipoondoka alifungua ukurasa wa mwisho, akaweka palepale kisogoni macho mawili, pua, na tabasamu.

Jumanne asubuhi Amondi aliufungua ukurasa ule.

"Huyu ni nani?"

"Si mama yako?"

"Huyu ni mzee Wanjala," Amondi alisema. Akakiweka kitabu mkekani polepole, kama kitu kinachoweza kuumia, akaondoka.

Jumatano hakuonekana.

"Mwalimu, yule hana mama," Otai alisema, safari hii bila kucheka. "Alikufa, Amondi bado nabebwa mgongoni."

Truphena aliuweka mkasi chini. Alikifungua tena kitabu, akatazama ukurasa mmoja baada ya mwingine. Mgongo. Shingo. Fundo. Siku nzima hakumsahihisha mtu, na ng'ombe wa miguu sita walipita salama. Kitabu cha Amondi kingeweza kukosa Ijumaa, hilo angelivumilia. Lakini je, mtoto akikataa kuchora tena maisha yake yote kwa sababu ya penseli ile nyekundu?

Alhamisi alifunga njugu kwenye leso, akashika njia ya Kisoko. Alimkuta nyanya akipepeta wimbi uani.

"Mwalimu, wewe nakuja na ile penseli?"

"Nimeiacha nyumbani, mama."

"Basi kaa."

Desturi ni kwamba mkubwa akimkosea mdogo, humpa kitu cha kutafuna, na wote wawili wakanyamaza. Njugu zilikuwa za kazi hiyo. Lakini Amondi alipotoka ndani, Truphena alijikuta amechutama mbele yake.

"Nilikosea, Amondi. Nisamehe."

Ungo ukasimama. Nyanya alimtazama kama aliyesikia kuku akisali Baba Yetu.

"Uso wake siujui," Amondi alisema. "Mimi nilikuwa huku." Akamgusa Truphena nyuma ya bega. "Naona shingo. Naona fundo. Akiimba, mgongo natetemeka, nasikia hapa." Akagusa shavu lake mwenyewe.

Truphena alitoa karatasi mpya kifuani.

"Ule ukurasa niliuharibu. Unaweza kuuchora tena?"

Amondi aliipokea, akachukua mkaa. "Fundo nasahau kidogo. Geuka."

Mwalimu akageuka. Aliketi kwenye kigoda akitazama ghala la wimbi. Nyanya alifungua kitambaa kichwani mwake, akamfunga Truphena kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda.

"Binti yangu alikuwa nafunga hapa chini," alisema. "Chini kabisa. Hivi."

"Sasa imba," Amondi aliamuru.

Kuimba hakukuwa kipaji cha Truphena. Kwaya ya Busia ilikuwa imemwomba kwa adabu ashughulike na kushona majoho. Hata hivyo alianza wimbo wa Kisamia, lugha ya kwao, wa kubembeleza mtoto. Alisikia mkaa ukikwaruza karatasi, kisha ukanyamaza. Kitu chenye joto kikamwegemea mgongoni.

"Usigeuke," nyanya alinong'ona.

Hakugeuka. Siafu mmoja alimpanda mguu, akamwacha apande. Beti zilikwisha, akazianza upya.

"Kesho wazazi nakuja saa ngapi?" sauti iliuliza kutoka mgongoni.

"Saa nane."

"Nitakuja. Imba tu."